Kijana kapewa nafasi ya kujilipia futiboli ya chuo? Usilipe kwa neno la kocha

Mkuu, umeandika kwamba kijana ameahidiwa "nafasi ya upendeleo" kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikubwa hapa Marekani, nje ya jimbo lenu, na kwamba mnafikiria kukikataa kile chuo cha Daraja la Pili (ngazi ya chini ya vyuo vikubwa) kilichompa nusu ya ada. Nimesoma nikiwa naendesha, ikabidi nipaki. Msikikatae! Na usilipe hata senti kwa neno la kocha. Subiri karatasi kutoka ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo. Ukiwa na haraka ishia hapa, mengine ni hasira zangu tu.

Nafasi yenyewe ni hivi: kijana anapewa jezi na kabati la kuweka viatu, ada unalipa wewe. Wangu aliingia Agosti 2024, anacheza lainibeka, yaani mlinzi. Kabla ya hapo kuna "mshauri" alitutoza pesa akidai makocha humpigia yeye kwanza. Kazi aliyoifanya ni kuchukua video zetu na kuturudishia zikiwa na muziki.

Tulipotembelea chuo, kocha akatukalisha chini ya makombe akaanza hadithi. Baker Mayfield alianza bila skolashipu, akaja kuchukua Heisman 2017, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. J.J. Watt aliacha skolashipu chuo cha Central Michigan akaenda kujilipia chuo cha Wisconsin. Stetson Bennett wa chuo cha Georgia naye alianza kwa kujilipia, akachukua ubingwa mara mbili. Yote kweli tupu. Halafu akamalizia: "Mwaka wa pili tunamwingiza kwenye skolashipu." Mama yake akafuta machozi. Mimi nikaenda kukopa.

Hapo kwenye kukopa ndipo nataka usome mara mbili. Kwa kuwa tunatoka jimbo lingine, tulitozwa ada ya wasio wakazi, na kijana kuhamia pale kwa ajili ya masomo hakumfanyi mkazi. Ada, chumba na chakula vikapita dola 50,000 kwa mwaka. Mkopo wa serikali kwa wazazi mwaka ule ulikuwa na riba ya asilimia 9.08, juu yake wanakata ada ya kuuandaa, na riba haingoji mtoto amalize shule. Mkataba ule una jina langu. Jina la kocha halimo popote. Kuanzia Julai 2026 mkopo huo una kikomo kwa wakopaji wapya, dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto na 65,000 kwa jumla, kwa hiyo wewe pengo utalijaza kwa mkopo wa benki. Babu yake kule Moshi alichinja mbuzi kabisa, na mpaka leo anauliza mjukuu amefunga magoli mangapi. Tumemwambia anacheza beki.

Sasa kinachoniuma. Julai 2024, wakati sisi tunahangaika na malipo, nyaraka za mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA (wanamichezo waliokishtaki chama kinachosimamia michezo ya vyuo wakidai malipo) zilikuwa zimeshafika mahakamani California. Mapatano yalisema kikomo cha zamani cha skolashipu 85 kwa timu kinaondoka, ila timu nzima isizidi wachezaji 105. Timu nyingi kubwa zilikuwa na 120 na zaidi. Hiyo hesabu kocha hakuijua? Mtu anayelipwa mamilioni kuhesabu yadi? Nilimpigia wakati huohuo, akanijibu kijana ni wa kwao, nisisikilize maneno ya mitandaoni. Machi 2025 mwanangu akaitwa ofisini, akatoka na viatu vyake kwenye mfuko wa takataka.

Jaji Claudia Wilken aligoma kuidhinisha mapatano hayo mpaka waliotemwa wafikiriwe. Alipoidhinisha tarehe 6 Juni 2025, vyuo vikaruhusiwa kuwarudisha bila kuwahesabu kwenye 105. Vimeruhusiwa, havijalazimishwa. Simu yetu haikulia. Na msamaha huo haumgusi kijana wako anayemaliza sekondari 2026, yeye atahesabiwa kama kichwa kingine chochote. Kocha akitaka mtu wa kiti hicho, lango la uhamisho (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo) limejaa wanaume wa miaka 22 waliokwisha kucheza kwingine. Mbaya zaidi, hesabu ya 105 inatakiwa ikae sawa siku ya mechi ya kwanza, kwa hiyo anaweza kutemwa mwishoni mwa Agosti, ada umeshailipa.

Daraja la Pili hawamo kwenye hiyo 105. Wana skolashipu 36 kwa timu, wanazikata vipande wagawane wengi, ndiyo maana wamempa nusu. Nusu hiyo ina barua na sahihi, sivyo?

Ukitaka kumjaribu huyo kocha, mwandikie barua pepe, usipige simu: "Je, mwanangu atakuwa ndani ya 105 siku ya mechi ya kwanza, na skolashipu ya mwaka wa pili mnaweza kuiandika?" Weka majibu yake hapa, ficha majina, tuyachambue wote.

Uliuliza pia bima akiumia, na yule mpwa wako wa Dodoma anayetaka kuja kwa viza ya masomo awe mpiga teke. La bima nalifahamu vizuri, nakuja nalo nikitoka zamu.