Ukiombwa kulea vijana weusi wa Marekani, hotuba iache nyumbani

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa nyie mnaoniulizaga kwenye magrupu mbona Jumamosi asubuhi sipatikani, leo naandika yote. Naishi Baltimore, na huu ni mwaka wa nne kila Jumamosi naenda kwenye ukumbi wa chini ya kanisa moja ambako kuna programu ya uongozi na ulezi kwa wanafunzi weusi wa Kimarekani, kuanzia watoto wadogo wa darasa la tatu mpaka wale wa hai skuli wanaojiandaa na chuo. Jina la programu siandiki maana watoto ni wa watu. Naandika kwa sababu wengi wetu tunaombwa kujitolea kwenye hizi programu, mchungaji anakuomba, bosi anakuomba, shule ya mwanao inakuomba, unakubali kwa moyo mweupe halafu unaenda kuharibu kama nilivyoharibu mimi.

Siku ya kwanza nilisimama nikatoa hotuba. Nikawaambia mi nimesoma Same, Tanzania, shule natembea kwa miguu kwenda na kurudi, dawati moja tunabanana wanne, kitabu kimoja cha watu watano, nyie mna basi la njano, mna maktaba, mna chakula cha mchana, sasa kinachowashinda ni nini? Nikamalizia na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikawatafsiria kabisa kwa Kiingereza. Hamna aliyepiga makofi. Kijana mmoja wa kama miaka 15 akavuta kofia ya sweta yake ikamfunika uso, akalaza kichwa mezani.

Mama anayesimamia programu, mwalimu mstaafu mwenye mvi kichwa kizima, akaniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama najua bibi yake yule kijana alisoma shule gani na kwa nini alisoma hiyo. Sikujua. Akaniuliza kama najua mama yake anafanya kazi zamu ngapi. Sikujua pia. Hapo ndo nikaelewa kwamba ile methali yangu nzuri ilikuwa tusi kwa mama za wale watoto, nimewatukana wazazi wa watu mbele ya watoto wao na mi ni mgeni hata mwezi sijamaliza pale. Iliniuma na bado inaniuma, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, kabla hujafungua mdomo soma historia ya mji unaoishi. Sio historia ya Marekani kwa ujumla, ya mji wako, mtaa kwa mtaa. Mimi nilikuwa sijui kwamba Baltimore ndo mji wa kwanza Marekani kutunga sheria ya kuwatenganisha weusi na weupe mtaa kwa mtaa, mwaka 1910. Mahakama Kuu ilikuja kuzifuta sheria za namna hiyo 1917 lakini mipaka yenyewe mpaka leo ukiendesha gari unaiona, mtaa huu una miti na benki, unavuka barabara moja tu nyumba zimepigwa mbao madirishani. Shule za mji zilibaguana kisheria mpaka 1954. Bibi ya yule kijana alikuwa mtoto wa shule kipindi hicho, yaani sio mambo ya kale, ni bibi tu, yupo, anakuja kumchukua saa saba mchana.

Halafu kuna hili ambalo nalisema kila nikipata nafasi. Yule mama siku nyingine akaniuliza Tanzania natoka sehemu gani, nikamwambia hutapajua, ni mji mdogo uko barabara ya kwenda Moshi, unaitwa Same. Akasema, Same ya Bob Moses? Nikabaki mdomo wazi. Nimezaliwa pale, nimekulia pale, sikuwahi kulisikia hilo jina. Bob Moses ndo alikuwa kiongozi wa ile kazi ya jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mwaka 1964, vijana walipoenda kuandikisha weusi kupiga kura wakati ambapo hata asilimia 7 ya weusi wa jimbo lile wenye haki ya kura hawakuwa wameandikishwa, na wenzao watatu, Chaney, Goodman na Schwerner, wakauawa. Baadaye akaitwa jeshini wakati wa vita ya Vietnam, akaondoka kwenda Canada, kisha akaja Tanzania na mkewe, akafundisha hesabu sekondari ya Same kuanzia 1969 mpaka 1976. Hesabu! Same! Aliporudi Marekani mwanae wa kwanza, anaitwa Maisha, jina letu kabisa, akafika darasa la nane na shuleni kwao aljebra haifundishwi, basi baba akaingia mwenyewe darasani kumfundisha yeye na wenzake wachache, na hapo ndo ulianza ule mradi wake wa aljebra uliosambaa nchi nzima mpaka huku Baltimore, ambako vijana wenyewe ndo wanafundisha wenzao na kulipwa. Na huyu Thurgood Marshall ambaye sanamu yake wamemwekea hapa mjini, mtoto wa Baltimore, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, ndiye aliyekwenda London 1960 kuwasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya uhuru na kuandika rasimu ya haki za raia.

Kwa hiyo tukija huku tukiwatazama kama watu tunaowaletea akili toka Afrika tunakosea sana. Hawa watu walishatufundishia watoto wetu hesabu. Na yale maneno ya sebuleni kwetu ya hawa weusi wa huku wavivu, hawapendi shule, naomba tuyaache, kwanza ni uongo na pili watoto wetu wanayasikia, na mwanao akivuka mlango wa shule hakuna anayemuuliza wewe Mmarekani au Mtanzania, ni mtoto mweusi kama wenzake.

Sasa nije kwenye uongozi maana hapa ndo nilijifunza zaidi. Mi nilikuwa najua uongozi wa kiranja. Kiranja anaandika majina ya wapiga kelele, mwalimu akija anampa karatasi, wenye majina wanapigwa. Nilikuwa kiranja miaka miwili na nilidhani hicho ndo kipaji cha uongozi. Nikafika kwenye programu nikataka kuteua viongozi, nikachagua wale wenye maksi nzuri wanaojibu vizuri wanaokaa kimya. Mama akanikatalia. Akasema hapa kila mtoto ana kazi, na kazi iwe ya kweli, yaani asipoifanya kuna mtu ataumia.

Asili ya mtindo huu ni zile Shule za Uhuru za Mississippi za mwaka huohuo 1964, zilikuwa kama 40, wanafunzi zaidi ya elfu mbili, wanasomea makanisani, kwenye vibaraza, chini ya miti, na walimu wenyewe wengi wanafunzi wa chuo. Miaka ya tisini shirika la kutetea watoto la Marian Wright Edelman likazifufua kama shule za likizo, wiki sita kila kiangazi, kijana mmoja wa chuo na watoto wasiozidi 10, na kila mtoto anaitwa msomi, hata wa miaka sita. Programu yetu sio ya kwao ila imechota mengi kwao, na kubwa ni harambee. Ndiyo, harambee, neno letu. Asubuhi kabla ya kitu chochote watoto wote wanasimama mduara, wanaimba, wanapiga makofi, mtu mzima wa mtaani anakuja kuwasomea kitabu kwa sauti, wanataja nani kafanya jambo jema, halafu kimya kidogo, nusu saa nzima. Kwetu harambee siku hizi imebaki ya kuchangisha hela za ujenzi. Binti mmoja wa darasa la tano aliniuliza harambee maana yake ni nini hasa, nikachukua kamba ya bendera nikawapanga kumi upande mmoja wavute meza kubwa, nikawa naita harambee wao wanaitika hee wanavuta, mpaka ile meza ikasogea. Na zile nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu ya weusi wa Marekani ya mwisho wa mwaka, wanazijua vizuri, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani, yote Kiswahili tangu 1966. Mtoto akitamka vibaya usimcheke. Amelishika neno ambalo hakurithishwa na mtu nyumbani kwao, amelichagua.

Narudi kwa yule kijana wa kofia. Yeye alipewa meza ya hesabu ya watoto wanne wa darasa la tatu, kila Jumamosi saa nne. Wiki ya kwanza kaja, ya pili kaja, ya tatu hakuja. Wale wanne wamekaa na madaftari wazi wanaangalia mlango. Mi nikavuta kiti niwafundishe, mama akanishika mkono, akasema muache kiti chake wazi, wewe kaa nao tu wakusomee hadithi. Nilimuona mkatili kabisa. Watoto walipotoka hawakufanya hesabu hata moja, na mmoja akaandika kikaratasi, akaandika jina lake kijana na chini yake, tulikungoja. Nikakipiga picha nikamtumia bibi yake maana namba ya bibi ndo tulikuwa nayo. Jumamosi iliyofuata saa tatu na nusu kijana yuko mlangoni, hajasema kitu, kafungua kofia kichwani, kachukua chaki. Baadaye sana nilikuja kujua Jumamosi ile alibaki nyumbani na mdogo wake mgonjwa kwa sababu mama yuko kazini. Hajawahi kukosa tena bila kutoa taarifa. Ningekaa kwenye kile kiti siku ile angejifunza kwamba akiwepo asipokuwepo sawa tu.

Kuna mwanamke wa zamani wa ile harakati ya haki za weusi, Ella Baker, alikuwa akisema watu wenye nguvu hawahitaji kiongozi mwenye nguvu. Mi naona programu nyingi zinakosea hapo, wanatafuta kijana mmoja mwenye ulimi mzuri wampige picha na cheti, wengine ishirini wanabaki wapiga makofi.

Tuliwahi kuwapeleka wakubwa UMBC, chuo kipo nje kidogo ya mji, kuna programu maarufu ya ufadhili wa masomo ya Meyerhoff iliyoanzishwa 1988, kundi la kwanza 1989 walikuwa vijana weusi 19 wa sayansi na uhandisi. Freeman Hrabowski aliyeianzisha ye mwenyewe aliwekwa ndani siku tano Birmingham, Alabama, mwaka 1963, ana miaka 12, kwa kuandamana na watoto wenzake kupinga ubaguzi. Dk. Kizzmekia Corbett aliyekuwa kwenye kazi ya chanjo ya korona kule taasisi za afya za taifa ametokea humo. Kilichowashangaza vijana wetu sio majina, ni kuambiwa kwamba kule kusoma peke yako usiku kucha hakuchukuliwi ushujaa, mnasoma kikundi na ukikwama unasema mapema. Sisi tumelelewa kufichana madaftari ili mtu awe wa kwanza, mi nilikuwa naweka mkono juu ya daftari langu mwenzangu asione, kwa hiyo hili nilijifunza pamoja nao.

Mambo mengine ni madogo ila usipoyajua yatakutoa. Watakuchunguza rekodi zako na alama za vidole kabla hujakaa na watoto, usione wamekudharau, ni utaratibu na ni mzuri. Usimpakie mtoto wa mtu kwenye gari yako mkiwa wawili tu. Usimtumie meseji usiku bila mzazi kujua. Jifunze jina lake sawasawa, na bibi au mama akija kumchukua toka nje umsalimie, mpe habari moja njema ya mtoto, maana wamezoea kupigiwa simu na shule kwa mabaya tu. Wale wa mwaka wa mwisho kaa nao wajaze ile fomu ya serikali ya msaada wa fedha za chuo, FAFSA, mapema kabisa na mzazi akiwepo, maana nimeona mtoto mwenye akili nyingi anakosa hela kwa sababu ya fomu, sio kwa sababu ya maksi. Morgan State na Coppin State, vyuo vikuu vya asili ya weusi, viko hapahapa mjini, wapeleke wakaone watu wanaofanana nao wakiwa maprofesa.

Na usianze kama huwezi kudumu. Hili nalisema kwa uzito. Kama ratiba yako ya kazi inakuruhusu Jumamosi moja kwa mwezi, waambie moja kwa mwezi, halafu hiyo moja usiikose hata kwa harusi. Hawa watoto wameshaona watu wengi wema wanakuja na tisheti mpya, wanapiga picha, baada ya miezi mitatu hawapo.

Jumamosi hii zamu ya kuongoza harambee ni ya yule kijana, sa hivi ana miaka 18 na barua ya chuo kaipata mwezi uliopita, na wale wanne wake wameomba wasimame mbele pamoja naye. Mi nimepangiwa viti, vinatakiwa viwe vimepangwa kabla ya saa tatu.