Andiko la dagaa: subiri tangazo la COSTECH
Umeniuliza kama unaweza kupeleka barua COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kuomba fedha za utafiti wako wa dagaa. Hapana mdogo wangu, fedha zao haziombwi kwa barua ya kupeleka mkononi wakati wowote. Wao hutoa tangazo la kukaribisha maandiko ya utafiti, na humo wanataja maeneo ya kipaumbele, nani anaruhusiwa kuomba, kiwango cha juu cha fedha na siku ya mwisho. Andiko lako la dagaa wa Kigoma litapimwa kwa tangazo hilo, kisha wataalamu wa fani hulisoma na kulipatia alama. Fedha zenyewe hutoka kwenye mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE.

Nayasema haya kwa sababu nimeshapitia. Tuliandika kuhusu kukausha dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, kurasa nyingi juu ya uzuri wa ziwa letu la Tanganyika, lakini bajeti ilikuwa mstari mmoja: "usafiri na vifaa". Tukakosa, na ilikuwa haki. Safari ya pili tulivunja kila kitu: nyavu za kichanja, mbao, misumari, mafuta ya boti, posho ya msaidizi pale Kibirizi, Kigoma. Soma tangazo mara tatu kabla hujaandika neno.

Ila usichanganye ruzuku na kibali. Ukitaka kufanyia kazi ndani ya hifadhi ya Gombe au Mahale, kuna vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na hivyo huombwa peke yake, mapema.