Nikiangukia tena zamu ya mwisho kwenye drafti, nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum, kaka. Sisi ni vijana wanane, baraza letu liko Langoni, Lamu, na tuna ligi yetu ya drafti ya Fantasy Premier League, ule mchezo wa simuni wa kuunda timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya kwenye mechi za ligi hiyo; kwenye drafti tunawachagua kwa zamu, na aliyechukuliwa na mmoja hachukuliwi na mwingine. Msimu uliopita niliangukia zamu ya nane, tena mtandao ukapotea nikiwa mashuani natoka Matondoni, simu ikanichagulia yenyewe. Nikashika mkia. Agosti inakuja. Nijiandae vipi? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Pole. Lakini zamu ya nane haikukuponza. Kwenye drafti zamu huenda na kurudi, aliyemaliza raundi ya kwanza ndiye anayeanza ya pili, kwa hiyo unachukua mchezaji wa 8 na wa 9 kwa mkupuo. Shida ni baada ya hapo: wachezaji 14 watachukuliwa na wenzako kabla zamu haijakurudia, upate wa 24 na wa 25. Ukikaa kungoja uone nafasi gani inakauka, utakuta imeshakauka.

Shika daftari tupige hesabu. Kila mmoja wenu anatakiwa awe na makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Wanane mara watatu, washambuliaji 24. Premier League ina timu 20, na nyingi zinaanza na mshambuliaji mmoja tu mbele. Hawatoshi! Atakayechelewa ataokota kijana wa akiba anayeingizwa dakika ya 85. Ningekuwa wewe, kati ya wale wawili wa mwanzo mmoja angekuwa mshambuliaji, na nikipata anayepiga penalti za timu yake simwachi. Makipa mnahitaji 16, na wanaoanza ni 20. Hao wanatosha, na pointi zao hazipishani sana, waache mpaka mwisho. Kila nikiona mtu anachukua kipa raundi ya tatu roho inaniuma.

Mabeki na viungo, tazama dakika kwanza. Anayecheza dakika 60 ana pointi 2 mfukoni kabla hajafanya lolote. Na unahodha usahau kabisa, kwenye drafti hakuna wa kuzidishiwa pointi mara mbili. Msimu wa 2024/25 Salah alimaliza na pointi 344, mabao 29. Aliyekuwa naye kwenye drafti alizipata hizo mara moja tu, wengine 10 uwanjani ilibidi nao wafanye kazi.

Kalenda usiipuuze, mimi iliniadhibu. Msimu wa 2023/24 nilikuwa na Salah na Mohammed Kudus, nikajiona nimefika. Januari ikaja Afcon ya Ivory Coast, wote wawili wakaondoka. Tarehe 18 nikakaa nikawatazama Misri na Ghana wakitoka 2-2, Kudus kafunga yote mawili ya Ghana, Salah katoka ameumia, na kwangu haikuingia hata pointi moja. Tangu siku hiyo, kabla ya drafti naandika pembeni ya kila jina timu yake ya taifa, na wawili wa kuondoka pamoja siwachukui.

Sasa hilo la mashuani. Simu hukuchagulia ovyo pale ambapo hukuiachia orodha. Ukiwa umepanga majina kwa mfuatano unaoutaka, muda wako ukipita simu huanza na hayo. Wanane mara 15 ni wachezaji 120, kwa hiyo panga 120, si 20, na uyaandike pia kwenye daftari, safu nne, makipa mpaka washambuliaji. Kila jina likiitwa, lipige mstari. Safu ya washambuliaji ikibaki na majina matano, acha beki uliyekuwa unamtaka, chukua mmoja wao papo hapo. Na Matondoni nenda asubuhi. Alasiri uwe umeshakaa barazani, simu imejaa chaji.