Mseto na chai ya rangi haviendi pamoja

Masika iliyopita malaria ilinilaza hapa Ngamiani, nikapima, nikapewa dawa ya mseto, vidonge 24, vinne vinne. Mdomo mchungu, chakula sikitaki hata harufu, kwaiyo kila dozi nashushia chai ya rangi afu nalala. Siku ya pili mchana bado nawaka moto, nikajikokota mpaka famasia kutaka sindano maana nilishaamini kabisa vile vidonge ni feki.

Yule dada wa famasia hata hakugusa sindano, aliniuliza tu "kaka, unakula nini ukimeza?" Nikamwambia chai. Akachukua glasi ya maji akadondoshea mafuta ya kula matone mawili akakoroga na kijiko, mafuta yakatawanyika, alipoacha tu yakarudi yakakusanyika juu. Akasema ndani ya kile kidonge kuna dawa mbili, artemetha na lumefantrini, na hii lumefantrini ina tabia ya haya mafuta, maji haipatani nayo. Tumboni ukiwa na chai tupu haiyeyuki vizuri, nyingi inapita na utumbo inaishia chooni. Ukila chenye mafuta, nyongo inamwagika kuyavunja yale mafuta na dawa inadandia humo humo kuingia kwenye damu. Watu wazima wenye afya waliwahi kupimwa, waliomeza na mlo wa mafuta mengi lumefantrini iliingia mwilini kama mara 16 zaidi ya waliomeza na njaa. Mara 16 jamani, na kidonge ni kile kile! Artemetha inaua vimelea vingi haraka afu inaisha mwilini ndani ya masaa, lumefantrini ndo inabaki siku kadhaa kufagia vilivyojificha, sasa kama iliingia kiduchu hao waliobaki watafagiwa na nani?

Sio lazima ule pilau na homa yako. Glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta inatosha, au muhogo wa nazi vipande viwili vitatu, au andazi. Mie dozi zilizobaki nilimeza na maziwa ya moto, kwa shida, mpaka zikatimia zote 6 hata baada ya homa kushuka.

Ila usije ukabeba maziwa ukayapeleka kwenye kila dawa, hapo ndo nilipokosea mie mwenyewe baadae. Nilipewa sipro, antibayotiki ya yutiai (ugonjwa wa njia ya mkojo), nikaimeza na mtindi nikidhani ndo ujanja ule ule. Kumbe kwenye maziwa kuna kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na sipro zinang'ang'aniana, linatoka donge ambalo utumbo hauwezi kulinyonya. Tetrasaikilini, antibayotiki nyingine, nayo hivyo hivyo, na vile vidonge vyeupe vya magnesiamu tunavyotafuna kwa kiungulia vinaleta shida hiyo hiyo. Na kina dada wajawazito, vidonge vya damu mnavyopewa kliniki msishushie chai, chai inakamata yale madini ya chuma, tumieni maji, au juisi ya chungwa ndo bora zaidi maana vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Kinachoniuma zaidi ni cha mama. Ana presha, kumeza kwake tabu, kwaiyo mdogo wangu alikuwa anamsagia kidonge kwenye kijiko na sukari kila asubuhi, kwa mapenzi tu. Siku moja mama akasimama kwenda kuchukua ndoo, akashika ukuta, akakaa chini taratibu, macho yamemlegea jasho linamtoka. Kidonge chenyewe kilikuwa cha kuachia dawa kidogo kidogo kutwa nzima, ile ngozi na ule mgando wake ndo vinavyoizuia isitoke kwa mkupuo, ukikisaga unampa mgonjwa dawa ya siku nzima ndani ya nusu saa na presha inaporomoka. Angalieni kwenye pakti, mkiona SR, XR, MR au neno Retard, msisage wala msitafune. Na omeprazo ya vidonda vya tumbo msiifungue mkaiponda, asidi ya tumbo inaiharibu kabla haijafika utumboni inakonyonywa.

Kama mgonjwa wako kumeza kunamshinda, rudi na pakti ile ile ulikopewa, waulize kama ipo ya maji au aina nyingine inayoruhusiwa kusagwa. Mama sa hivi amebadilishiwa, anameza kidonge kidogo cha duara na uji wa mchele, na ndoo anabeba mdogo wangu.