Fantomu ya volti 48 na maiki ya utepe

Ndugu, umeuliza kama fantomu, yaani umeme ambao priampu (kikuza sauti cha maiki) hupeleka kwenye maiki kupitia kebo, itaua maiki yako ya utepe, ile yenye ukanda mwembamba wa chuma unaotikiswa na sauti, na kwa nini spika hupiga "du!" unapochomeka kebo.

Maiki na kebo vikiwa vizima, kwa kawaida haidhuriki. Pini ya 2 na ya 3 za XLR, ile plagi ya pini tatu ya maiki, hupata volti sawa, kila moja kupitia rezista (kizuia mkondo) ya kiloomu 6.8, kwa hiyo hakuna mkondo wa kuusukuma utepe. Balaa ni kebo ambayo waya mmoja wa sauti umegusana na waya wa ardhi ndani, au kutumia jeki, plagi ya kijiti kimoja, badala ya XLR huku volti 48 zimewashwa: ncha ya jeki hugusa sehemu zisizo zake kabla haijakaa. Niliwahi kufungua maiki iliyopatwa na hilo, utepe umelegea na kujikunja pembeni. Iliniuma sana. Kwa hiyo zima fantomu tu, isipokuwa ile yenye saketi ndani inayodai fantomu.

Ule mshindo: shusha geini (kiwango cha kukuza sauti), zima spika, chomeka, ndipo uwashe. Ukizima fantomu, ngoja nusu dakika kapasita, vile vihifadhi chaji, ziishiwe chaji kabla ya kuchomoa.

Kitufe cha geini kikikwaruza, zima priampu, puliza dawa ya kusafishia kontakti, kidogo tu, kisha kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Kikiendelea kukwaruza, huenda kapasita inavujisha umeme, mpe fundi. Na priampu ya valvu, yaani ya taa za kioo za kizamani, usiifungue, tafadhali. Ndani hubaki mamia ya volti hata ukishaichomoa ukutani.