Tiba ya Fikra au Tiba ya Mizani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Dada yangu wa hapa Ngamiani, Tanga, halali tangu biashara yake ya dagaa idorore. Je, afuate tiba ya fikra na tabia, au ile ya mizani ya maisha?

JIBU: Marahaba. Ya kwanza, aliyoiasisi Aaron Beck nchini Marekani miaka ya 1960, itamtaka aandike wazo linalomkesha, tuseme "nimekwisha", kisha alipime kwa ushahidi. Ya pili, ya Nossrat Peseschkian, mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Ujerumani, hutumia hadithi na methali (jambo lisilo geni kwetu Waswahili), ikipima mwili, kazi, mahusiano na matarajio ya mtu. Kwa kukosa usingizi ningeanza na ya kwanza, iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi, ingawa mtaalamu hakatazwi kuzichanganya.