Nimerudi safari nikaugua: ni uchovu au ni ugonjwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mhasibu, nina umri wa miaka 41, ninaishi Soweto hapa Moshi. Tarehe 11 Desemba niliondoka na basi la alfajiri kwenda Muheza kumchukua shangazi yetu, nikalala huko siku mbili. Tulikuwa watu tisa katika nyumba ya vyumba viwili, na sisi wageni tulilala mkekani sebuleni. Tarehe 13 tukaenda Dar es Salaam, na kuanzia hapo sidhani kama kuna usiku niliopata usingizi wa saa tano: vikao vya harusi, sendofu ya mdogo wangu, harusi yenyewe, kuwazungukia ndugu wa Mbagala, Tegeta na Kigamboni ili asiwepo wa kununa, kisha siku mbili Unguja kwa sababu watoto walikuwa wameahidiwa bahari. Tarehe 21 nikarudi Moshi. Kesho yake nikashikwa na mafua na koo, yakaisha kufikia tarehe 24. Lakini usiku wa Krismasi nilipatwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kichwa na ya viungo, na mpaka leo tarehe 27 homa inakuja na kuondoka. Mume wangu anasema ni uchovu, nilale. Duka la dawa wamenipa azithromaisini na diklofenaki. Jirani anasema nikatundikiwe dripu ya nguvu. Je, uchovu peke yake unaweza kuleta homa? Au nimeze dawa ya mseto ya malaria kwa tahadhari? Tarehe 2 Januari ninatakiwa kazini.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Wasomaji wajue kwanza kwamba swali hili sikulingojea zamu yake. Nilikujibu siku ileile kwa maneno machache, kwamba uache diklofenaki na uende kupimwa damu na mkojo kabla jua halijazama. Haya yanayofuata ni maelezo ya sababu, kwa kuwa kila Januari wagonjwa wenye simulizi kama yako huwa wengi.

Uchovu haupandishi homa ya namna hiyo. Mtu aliyechoka huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hukasirika bure na huhisi misuli imekazana, lakini kipimajoto chake hubaki pale kinapobaki kwa kila mtu. Homa ya kutetemeka huja pale kinga ya mwili inapotambua kwamba kuna kiumbe kigeni ndani, ikatoa kemikali zinazopeleka taarifa kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na sehemu hiyo ikapandisha kiwango chake, kama fundi anayesogeza kitufe cha pasi. Mwili ulio na nyuzi joto 37 huanza kujiona una baridi kwa sababu sasa unatafuta 39, na ndiyo maana unajifunika blanketi mbili katika joto la Desemba. Akitetemeka namna hiyo mtu mzima aliyekaa kitini nyumbani kwake, siku nne baada ya kushuka kwenye basi, kuna kitu kimeingia mwilini, na kazi yetu ni kukijua.

Hata hivyo mumeo hajakosea kabisa, kwa sababu uchovu una sehemu yake katika mafua yale ya kwanza. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ambamo watu 164 wenye afya njema walipimwa usingizi wao kwa wiki moja kwa kifaa kinachovaliwa kama saa ya mkononi, kisha wakadondoshewa kirusi cha mafua puani na kuwekwa hotelini chini ya uangalizi. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita kwa usiku waliugua mafua kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa saba. Utafiti mwingine wa mwaka 2002 uliwachukua vijana waliokuwa wakilazwa saa nne tu kwa siku kadhaa mfululizo, wakachanjwa chanjo ya homa ya mafua, na siku kumi baadaye kingamwili walizokuwa wametengeneza zilikuwa chini ya nusu ya zile za wenzao waliolala kawaida. Angalia vizuri utafiti wa kwanza: wote waliwekewa kirusi. Kukosa usingizi hakukuwapa mafua, bali kulikidhoofisha kizuizi ambacho kingekizuia kirusi.

Sasa ongeza mazingira ya safari yenyewe. Wiki ile unayoshuka pwani ndiyo wiki ambayo nusu ya ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapanda Kilimanjaro, na wiki unayorudi mabasi yamejaa hadi siti ya mwisho, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na abiria wanakohoa kuanzia Chalinze hadi Same. Kabla ya hapo ulikuwa umeshikana mikono na watu mia tatu ukumbini. Mafua ya kawaida hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, kwa hiyo yaliyoanza tarehe 22 uliyapata kati ya tarehe 19 na 21, yaani Unguja, kwenye boti au ndani ya basi. Yalikuja, yakapita. Hayo tuyaweke kando.

Jambo ambalo ningependa kila msafiri ajizoeze kulifanya ni hili la kuhesabu siku kurudi nyuma. Kila ugonjwa wa kuambukiza una muda wake wa kujificha mwilini kabla ya kujitokeza, na muda huo ukiuweka pembeni ya ratiba ya safari unaondoa washukiwa wengi bila hata kutoboa kidole. Homa ya mafua, ile kali inayolaza watu wazima kitandani, hujificha siku moja hadi nne. Kama homa yako ya tarehe 25 ndiyo hiyo, basi uliambukizwa siku ya kurudi au hapahapa Moshi baada yake. Inawezekana, kwa kuwa Krismasi nayo ina wageni wake, lakini husemi kwamba una kikohozi. Dengi, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, huchukua kwa kawaida siku nne hadi kumi, na ikichelewa kumi na nne. Hapo Dar es Salaam inaingia, mji uliopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Malaria ya aina iliyo nyingi nchini mwetu huchukua angalau siku saba, mara nyingi kati ya siku 9 na 14, na wakati mwingine mwezi mzima. Kutoka usiku wako wa kwanza Muheza hadi usiku wa Krismasi ni siku 14. Ulilala mkekani sebuleni, watu tisa, na sidhani kama kulikuwa na chandarua juu ya mkeka ule. Muheza ni wilaya ambayo watafiti wa malaria wamefanya kazi kwa miongo mingi, na hawakuifuata kwa uzuri wa machungwa yake.

Homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, nayo inaweza kuingia ndani ya hesabu hii, ila kwa kawaida yenyewe hupanda taratibu siku hadi siku, haishiki ghafla usiku mmoja kwa mtetemeko. Ninakuomba, ukiambiwa una taifodi kwa kipimo cha Widali peke yake, uliza maswali zaidi. Kipimo hicho hutoa majibu chanya kwa watu wengi wasio na ugonjwa huo, na nimeona wagonjwa waliotibiwa taifodi mara nne katika mwaka mmoja kwa karatasi ya maabara iliyofanana kila mara.

Kuhusu kumeza mseto kwa tahadhari, hapana, na sababu yangu inatoka hapahapa mjini. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528 kati yao. Vipimo vya kina vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na magonjwa tofauti kabisa, yakiwamo yale yanayotoka kwa mifugo na panya, na wakati wanatibiwa malaria wasiyokuwa nayo ugonjwa wao halisi uliendelea na kazi yake. Nikikumbuka takwimu hiyo huwa ninaona haya kidogo kwa niaba ya taaluma yangu, maana nami nimewahi kuandika hivyo.

Ila kuna upande wa pili, na huu ndio unaokuhusu. Kwa sababu malaria imekuwa adimu katika mji wetu, wakazi wa Moshi na Arusha hawana ile kinga kiasi ambayo mtu aliyekulia sehemu zenye malaria huijenga kwa kuumwa mara kwa mara. Mgeni kutoka huku akishuka bondeni na kuumwa na mbu mwenye vimelea anaweza kuzidiwa haraka kuliko mwenyeji wake, ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo mtu wa Moshi asiyesafiri, akipata homa, ninamwambia asikimbilie kudhani ni malaria. Aliyetoka safari ya maeneo hayo ndani ya mwezi mmoja ninamwambia apime siku hiyohiyo, na majibu yakitoka hasi huku homa ikiendelea, arudie kupima kesho yake. Na mwambie mpimaji ulikotoka. Usipomwambia, ataona tu mkazi wa Soweto mwenye mafua ya sikukuu.

Diklofenaki nilikukataza kwa ajili ya dengi. Ugonjwa huo unaweza kushusha chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, na diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpaka dengi iondolewe kwenye orodha, homa na maumivu yatulizwe kwa parasetamoli peke yake: vidonge viwili vya miligramu 500, visirudiwe kabla ya saa sita kupita, na visizidi vinane kwa siku nzima, tena bila mbege wala bia katikati. Fahamu pia tabia mbaya ya dengi, kwamba hatari yake huja pale homa inapoanza kushuka na ndugu wanaanza kufurahi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu kwenye fizi au puani, kulegea kusiko kwa kawaida: hayo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Azithromaisini huua bakteria. Haina la kufanya kwa virusi vya mafua, wala kwa dengi, na malaria haitibiwi nayo. Sina ugomvi na muuzaji wa dawa, lakini dawa hiyo ina wagonjwa wake, na tukiimeza kila tunapopiga chafya tutaikuta imechoka siku tutakapoihitaji.

Dripu ya nguvu imenichekesha. Lita moja ya ile ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, ambazo hazifiki zile zilizomo katika soda mbili. Dripu ina kazi kubwa kwa asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu. Wewe unayekunywa uji, kunywa maji kwa wingi, mtori wa chumvi kiasi na juisi, na utakuwa umepata hicho unachotaka kununuliwa kwa sindano.

Mambo mawili nitayapitia haraka, kwa kuwa huugua nayo wasafiri wa masafa marefu. Wanawake wengi hawanywi maji njiani wakiogopa kwamba basi halitasimama watu wachimbe dawa. Mkojo ukibanwa kutwa nzima, maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi, nayo yakifika kwenye figo huleta homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni. Ndiyo maana nilisema upimwe na mkojo pia. La pili, kukaa kitini zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Miguu yote miwili ikivimba kidogo jioni ya safari ni kawaida, lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa ikiambatana na kubanwa pumzi, hilo halingojei asubuhi.

Jioni ya tarehe 27 uliniarifu kwamba kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya, hadubini ikathibitisha, mkojo ni safi, na kwamba umeanza dawa ya mseto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita ndani ya siku tatu, na ile dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza hata kama ni usiku wa manane. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikikuta mafuta tumboni, kwa hiyo imeze na maziwa au parachichi, ambalo kwetu halikosekani. Homa ikitoweka siku ya pili usiviache vidonge vilivyobaki ukamhifadhie shangazi.

Tarehe 2 Januari utakuwa umemaliza dawa na huenda ukajisikia mzima, ila wengi hubaki na ulegevu kwa wiki moja au mbili, na hesabu za mwisho wa mwaka si kazi ya kichwa kilicholegea. Ningekuwa mimi, ningeomba siku tatu zaidi, na safari ya Rombo ya mwaka mpya uliyonitajia kwenye simu ningeiahirisha. Homa ikirudi wakati wowote ndani ya siku 28, rudi kituoni na pakiti tupu ya dawa mkononi, ili wajue ulichomeza na siku uliyoanza.